Barua ya wazi kwa wakuu wa michezo duniani: mnapofungia nchi, mnatumia kipimo gani?

Kwa:
Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Bi. Kirsty Coventry, Lausanne
Wakuu wa FIFA, Zürich
Na nyie viongozi wa Afrika mnaokaa kwenye vikao vyao kwa niaba yetu

YAH: KUFUNGIA NCHI KWENYE MICHEZO KWA SABABU ZA KISIASA

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, wengine habari za kazi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Morogoro, nafundisha watoto kukimbia, jioni, kwenye kiwanja ambacho mvua ikinyesha kidogo tu ng'ombe wa jirani wanakifaidi kuliko sisi. Sina cheo, na hii barua sikutaka iwe ya wazi. Nilianza kiungwana kabisa. Niliandikia chama kimoja cha michezo hapa nchini, jina nalihifadhi, nikaomba wanifikishie swali langu huko juu kwenye mikutano yenu. Barua ya kwanza kimya. Ya pili nikaipeleka kwa mkono, dada wa mapokezi akanigongea muhuri kwenye nakala yangu akasema mwalimu njoo Alhamisi, Alhamisi nikafika nikaambiwa mhusika kasafiri, wiki tatu baadaye ikaja meseji ya mstari mmoja kwenye simu: "mambo ya siasa hayatuhusu, sisi ni michezo." Nakala yenye muhuri bado ipo kwenye droo. Ndo maana nimeamua kuandika hapa kila mtu asome.

Swali lenyewe ni fupi. Hivi kuifungia nchi isicheze na wenzake kunabadilisha siasa zake kweli? Na kama kunabadilisha, mbona mnachagua wa kumfungia?

Mtu atauliza mwalimu wa Morogoro yanamhusu nini haya. Mimi nakaa karibu na Mazimbu. Pale palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafunzi wanapita na vitabu vyao, ila makaburi ya wale vijana waliofia huku ugenini yapo palepale. Nikiwapitisha watoto wangu kwenye mbio ndefu tunapita karibu na huko na kila mwaka kuna mmoja lazima aulize, mwalimu hawa kina nani. Walikabidhi shule hiyo kwa serikali yetu 1992, mwaka uleule ambao Afrika Kusini ilirudi Olimpiki. Kwa hiyo kwetu hii habari ya kufungia nchi tumeiishi, sio kitu cha kusoma kwenye magazeti.

Na nina jirani, mzee mmoja, miaka ya sabini alikuwa anakimbia mita 800 timu ya jeshi. Nitamrudia.

Sasa malalamiko yangu, nayapanga kwa namba ili mtu asije akasema hakuelewa.

1. Acheni kutuambia michezo na siasa havichanganyiki.

Mmevichanganya wenyewe, tena mara nyingi. Afrika Kusini mliizuia Tokyo 1964, mkaifukuza kabisa 1970. Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo, ilishafika Munich 1972, wachezaji wako kwenye kijiji cha wanamichezo wanakula na wenzao, siku chache kabla ya ufunguzi mkapiga kura 36 kwa 31 wakaambiwa fungeni mizigo. Yugoslavia 1992 ilitolewa Euro kwa sababu ya vita, siku chache kabla ya kuanza, Denmark wakaitwa kuziba nafasi wakabeba kombe. Urusi iliingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 na tarehe 28 FIFA na UEFA walishaifungia. Siku nne tu.

Wala silaumu kwamba mlifanya. Nalaumu kwamba mkifanya mnasema ni misingi ya Olimpiki, msipofanya mnasema ni siasa. Chagueni moja.

2. Afrika Kusini mnaitaja sana, lakini somo lake mmelisoma nusu.

Watu wanaongea kama vile tuliwafungia, wakachoka, wakaachia nchi. Haikuwa hivyo. Kutoka Tokyo 1964 mpaka Barcelona 1992 ni miaka 28, mtoto aliyezaliwa mwaka wa Tokyo kufika Barcelona na yeye ana watoto. Katikati hapo Soweto ilitokea Juni 1976, Steve Biko akafia mikononi mwa polisi 1977, Mahlangu akanyongwa. Kufungiwa hakukuzuia risasi hata moja. Anayetaka kufungia nchi ili vita isimame wiki ijayo anajidanganya, na Yugoslavia ni ushahidi mwingine, wamefungiwa kuanzia 1992 na mauaji ya Srebrenica kule Bosnia yakatokea Julai 1995.

Lakini kuliuma. Kuliuma sana, na mimi nataka tukae hapa kidogo kwa sababu hapa ndo penye kazi.

Mpira wa miguu FIFA iliwasimamisha tangu 1961, wakarudishwa kidogo 1963, 1964 wakasimamishwa tena, 1976 wakafukuzwa moja kwa moja. Serikali ya makaburu haikutetemeka sana. Mpira ulikuwa mchezo wa watu weusi, huwezi kumtisha mtu kwa kumnyima ugali wakati yeye anakula wali. Wali wao ulikuwa raga na kriketi. Kriketi ilianza 1968, timu ya Uingereza ilipomjumuisha Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye kwao hakuruhusiwa kucheza na weupe, waziri mkuu wao Vorster akasema timu yenye huyo mtu haiingii, ziara ikafa. 1970 ziara yao ya Uingereza ikafa pia, wanafunzi na wanaharakati waliisumbua mpaka ikafutwa. Raga ilichelewa mno kwa sababu New Zealand na Waingereza hawakutaka kuachana nao, lakini 1981 Springboks, timu yao ya raga, walipokwenda New Zealand, Julai, pale Hamilton, waandamanaji waliingia uwanjani wakakaa katikati na mechi ikafutwa. Kule Afrika Kusini ilikuwa inaonyeshwa mubashara. Yaani baba kaamka alfajiri kuangalia timu yake, chai mkononi, anaona watu wa nchi ya mbali weupe kama yeye wamekaa kwenye majani wanakataa. Hakuna hotuba ya Umoja wa Mataifa iliyowahi kuingia sebuleni kwake namna hiyo.

Jambo la pili, waliotaka nchi ifungiwe walikuwa wananchi wake wenyewe wanaoumizwa. Dennis Brutus, mshairi, mwanzilishi wa harakati ya michezo isiyo ya ubaguzi, alipigwa risasi Johannesburg 1963 akijaribu kutoroka polisi, akaenda kuvunja mawe kwenye jela ya kisiwa cha Robben. Hassan Howa wa kriketi alisema hakuwezi kuwa na mchezo wa kawaida kwenye jamii isiyo ya kawaida. Walijua na wao watakosa na walikubali kukosa. Sio Lausanne iliyowaamulia, ndugu zangu, na ukweli ni kwamba Lausanne ililazimishwa, Afrika ilitishia kususia Mexico 1968 ndo mwaliko wa makaburu ukafutwa.

Jambo la tatu, michezo haikuwa peke yake. 1985 mabenki ya Marekani yalikataa kuwaongezea muda wa mikopo, 1986 Bunge la Marekani likapitisha vikwazo juu ya pingamizi la Reagan mwenyewe. Ndani nchi ilikuwa inawaka. Huku kwetu Mazimbu na Dakawa zilikuwa zimejaa vijana wao.

Na la nne, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, kulikuwa na mlango wa kurudi na kila mtu aliuona uko wapi. Machi 1992 weupe walipiga kura kama mageuzi ya Rais De Klerk ya kumaliza ubaguzi yaendelee au yasimame. Wiki hiyohiyo timu yao ya kriketi iko Australia kwenye kombe la dunia, mara ya kwanza, na inacheza vizuri. Kila mpiga kura alijua akisema hapana vijana wale wanarudi kwenye jela ya michezo. Tarehe 17 wakapiga kura, asilimia 68.7 wakasema ndiyo, tarehe 22 timu ikacheza nusu fainali Sydney. Wakatolewa na mvua na hesabu za ajabu za kriketi ila hiyo ni stori nyingine. Sisemi kriketi ndo ilishinda kura, nasema bei ilikuwa ubaoni na mtu aliisoma kabla ya kuchagua.

3. Bili mnawaachia wasiokula.

Hapa ndo pananiuma mimi binafsi.

Juni 1976 All Blacks wa New Zealand walikwenda kucheza raga Afrika Kusini, mwezi uleule watoto wa Soweto wanapigwa risasi. Afrika ikasema New Zealand itolewe Montreal. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga sio mchezo wa Olimpiki kwa hiyo haituhusu (siku hizi raga ya wachezaji saba ni ya Olimpiki tangu 2016, hata sijui tucheke au tulie). Basi nchi zaidi ya 25, nyingi za Afrika, zikajitoa, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. New Zealand iliyokosea ikabaki ikacheza.

Sasa angalieni nani alilipa. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch, hukohuko New Zealand, Februari 1974, dakika 3:32.16, akikimbia mbele mwanzo mwisho na John Walker anamfukuza. 1975 akaweka na ya maili kule Kingston, Walker akaivunja miezi mitatu baadaye. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Montreal ione hawa wawili. Walker alishinda peke yake kwa 3:39.17. Sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi, mbio za kuviziana. Kuna wanaosema Bayi aliumwa malaria kipindi kile asingeshinda, sawa, lakini hatutajua kamwe na hicho ndo kilichoibiwa.

John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi Munich, 47.82 rekodi ya dunia, hakukimbia. Mike Boit wa Kenya hakukimbia, Juantorena wa Cuba akajichukulia 800. Henry Rono wa Kenya, mtu aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikosa Montreal kwa sababu ya New Zealand, akakosa Moscow 1980 kwa sababu ya Afghanistan. Amefariki 2024 hajawahi kukimbia Olimpiki hata mzunguko mmoja.

Na kuna wale ambao hamna anayewajua. Jirani yangu huyu mzee hakuwa staa, jina lake lilikuwa kati ya waliokuwa wanapigania nafasi. Ananiambia walikuwa kambini, chakula cha jioni, redio ya RTD ikatangaza, mtu mmoja akaweka kijiko chini, hakuna aliyeongea, asubuhi wakaamka wakaenda mazoezini kama kawaida kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Ana stopuwochi ya zamani ya mshale, haitembei miaka mingi. Anakuja nayo kiwanjani jioni anaishika tu mkononi huku anaangalia watoto wangu wakikimbia, mtoto akimaliza anasema "huyo mbili na nne", mimi naangalia kwenye simu, 2:04 na nukta. Sijawahi kumkuta amekosea zaidi ya sekunde.

Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Sijuti. Ile ilikuwa kazi ya nchi, tuliifanya. Ila mshahara wake hatujawahi kuuona."

Msije mkanielewa vibaya, ule mgomo haukwenda bure. Mwaka mmoja tu baadaye, Juni 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikaa wakatoa tamko la Gleneagles la kuzuia michezo na Afrika Kusini, kwa sababu waliogopa na michezo ya Edmonton 1978 itasambaratika. Kwa hiyo ilifanya kazi. Swali langu ni kwa nini Afrika iliyoshinikiza ndo iliyoumia, wakati nyie mlikuwa na uwezo wa kuitoa nchi moja badala ya kuacha karibu bara zima liondoke.

4. Kususia na kufungia sio kitu kimoja, na mnapenda kuvichanganya pale mnapotaka kusema vyote havisaidii.

1980 Rais Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Moscow kwa sababu Warusi walikuwa wameivamia Afghanistan. Akamtuma Muhammad Ali aje Afrika kutushawishi, Februari, akaanzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akakataa hata kumuona. Unatumiwa bondia kuja kuzungumza na rais wa nchi, tena na watu ambao 1976 walipoomba wenzao wawaunge mkono Marekani haikusogea, waandishi wa Dar wakamuuliza Ali hilo swali na yeye mwenyewe akaonekana kuyumba. Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akamkamata, 8:12.48, na Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5000. Hizo mbili ndo medali zetu za Olimpiki, tukizisema kila mara ni kwa sababu hatuna nyingine.

Warusi waliondoka Afghanistan Februari 1989. Miaka tisa baadaye. Na 1984 wakalipiza kwa kususia Los Angeles. Bi. Coventry, mtangulizi wako Thomas Bach alishinda dhahabu ya vitara Montreal 1976 wakati sisi hatupo, 1980 Ujerumani Magharibi ikamzuia kwenda kuitetea, na akiwa rais hakuacha kusema kwamba ule mgomo haukuleta kitu. Namuelewa. Ila mgomo wa 1980 ni nchi kubwa kujitoa kwa mambo yake bila mpango, wala wanaoumizwa hawakuulizwa. Huwezi kuuchukua ukautumia kufuta kazi ya kina Brutus.

5. Kipimo chenu kinapinda.

Hili naliandika taratibu ili lisiwe matusi.

Tarehe 24 Februari 2022, siku ileile vifaru vya Urusi vinavuka mpaka, FIFA ilitangaza kuzifungia Kenya na Zimbabwe. Kosa, serikali ziliingilia uendeshaji wa vyama vya mpira. Harambee Stars wakatolewa kwenye kufuzu AFCON, na Novemba serikali mpya Nairobi ikawarudisha viongozi wa chama ofisini, kufungiwa kukaondolewa. Mnaona? Ilifanya kazi ndani ya miezi tisa. Kwa sababu kosa lilijulikana, dawa ilijulikana, na mwenye uwezo wa kurekebisha ndiye aliyebanwa. Sasa inakuwaje serikali ikigusa ofisi ya chama cha mpira adhabu iko tayari, ikigusa watu kwa mabomu mnaanza kutafuta vifungu?

Oktoba 2023 Kamati ya Olimpiki ilisimamisha kamati ya Urusi kwa sababu ilizichukua taasisi za michezo za maeneo ya Ukraine kama Donetsk na Kherson. Sababu nzuri, naiunga mkono. Lakini Wapalestina walilalamika miaka na miaka kwamba klabu za makazi ya Waisraeli ndani ya Ukingo wa Magharibi zinacheza ligi ya Israel, na Oktoba 2017 FIFA ikaamua haitachukua hatua. Kosa linafanana, ardhi ya mwingine na uwanja wa mwingine. Paris 2024 Warusi 15 na Wabelarusi 17 walishindana bila bendera, Waisraeli wakapita na bendera yao. Na Marekani ilipoingia Iraq 2003, Athens 2004 walipita na bendera yao.

Na sisi Waafrika tusijifanye watakatifu. Uganda ya Idi Amin ilisusia Montreal kwa ajili ya haki za weusi wa Afrika Kusini huku Amin anawaua weusi wa Uganda. Machi 1978 timu yake ilicheza fainali ya kombe la Afrika Accra, Oktoba majeshi yake yakaingia Kagera. Nani alisema ifungiwe? Hata juzi tu, Januari 2025 waasi wa M23 wameingia Goma, mashariki mwa Congo, Bunge la Ulaya likataka mashindano ya dunia ya baiskeli yaondolewe Kigali kama Rwanda haibadiliki, serikali ya Congo ikaziandikia Arsenal, Bayern na PSG kuhusu mikataba yao ya kutangaza utalii wa Rwanda, Visit Rwanda. Rwanda yenyewe inakana kuwasaidia M23. Septemba baiskeli zikakimbia Kigali kama kawaida. Sijasema zisingekimbia. Nasema sikusikia kiongozi hata mmoja wa michezo wa Afrika akifungua mdomo kwa upande wowote, na wanaofukuzwa kule Goma wengi wanaongea Kiswahili kama mimi.

6. Wachezaji.

Mnasema wachezaji hawana hatia, kwa nini wabebe makosa ya serikali. Wimbledon 2022 waliwazuia Warusi, kombe la wanawake likachukuliwa na Elena Rybakina, mzaliwa wa Moscow anayechezea Kazakhstan, hapo ndo unaona jinsi ilivyo ngumu. Na Bi. Coventry, 2008 serikali ya Uingereza ilishakata mambo ya kriketi na Zimbabwe kwa sababu ya Mugabe, wewe ukaenda Beijing ukarudi na dhahabu moja na fedha tatu. Hakuna aliyekuambia ubaki Harare. Nilifurahi, nikawaambia watoto angalieni.

Kwa hiyo nawaelewa. Ila serikali haifungiwi kwa kumfungia muogeleaji, inafungiwa kwa kuinyima bendera, wimbo, uenyeji, viti vya mbele na waziri kupiga picha na kombe. Hicho ndo wanachokitaka wao. Anzeni hapo.

NINACHOOMBA

Kwanza, andikeni kipimo. Karatasi moja, lugha ya kawaida: nchi ikifanya hivi na hivi, itasimamishwa. Iwe imeandikwa kabla ya vita inayofuata, tusijue kwanza ni nani kapiga nani.

Pili, kabla ya kufungia waulizeni wanaoumizwa. Sio balozi, sio mdhamini. Wanamichezo wa upande ule, na wa ndani ya nchi inayoshtakiwa ambao hawakubaliani na serikali yao. 2003 Henry Olonga na Andy Flower wa Zimbabwe walifunga vitambaa vyeusi mkononi kwenye kombe la dunia la kriketi kulilia demokrasia ya nchi yao. Watu kama wale wapo kila nchi, ni kuwatafuta tu.

Tatu, mkifungia semeni siku hiyohiyo nchi irudi ikifanya nini. Kenya mliiambia, ikafanya, ikarudi.

Nne, nchi maskini zisiachiwe tena kujitoa zenyewe ili kumuadhibu mwingine. Mkiona bara zima linataka kuondoka, jiulizeni kwanza nyie mmekataa kufanya nini.

Tano, na hili nawaomba sana nyie viongozi wa Afrika mnaokaa kwenye hivyo vikao. Marekani baada ya 1980 iliwapa wanamichezo wake waliozuiwa medali za Bunge. Wa 1976 wa kwetu hawakupewa hata barua. Orodha za timu za Montreal zipo kwenye makabati ya vyama, zitoeni, tafuteni walio hai, waandikieni karatasi yenye jina na mchezo wake na mwaka, hata isipokuwa na dhahabu ndani yake. Wanapungua kila mwaka. Hili halihitaji kikao wala kura 36 kwa 31.

Najua mtasema mambo ni magumu, kila vita ina historia yake, mkianza kupima mtabaki na nchi tano za kuogelea. Inawezekana. Lakini hata sasa mnapima, ila mnapima kimyakimya. Na mkisema mwalimu wa Morogoro hajui diplomasia, ni kweli sijui, najua tu kwamba mtoto akianza mbio kabla ya filimbi namrudisha, hata akiwa mtoto wa diwani.

Jirani yangu hajui kama nimeandika hii. Mkijibu, jibuni kwa Kiswahili, atataka kuisoma mwenyewe, macho yake bado mazima.

Wenu katika michezo,

Mwalimu wa michezo,
Morogoro